Waliokula Wakakimbia

Watu hulipa kiingilio kumwona simba. Justus alilipa kiingilio kuona daftari la babu yake, tena binti wa dirishani akamwuliza kama akate tiketi ya mtu mzima au ya mwanafunzi. Justus alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alivaa koti la harusi yake, na viatu vyake vilikuwa vimebeba udongo wa Igalula hadi mjini Tabora bila kuudondosha njiani. Alichelewa kujibu kwa sababu alikuwa akisubiri binti huyo amtambue.

"Kata za watu wazima wawili," alisema mkewe, Josepha, akipitisha noti chini ya kioo. "Huyu mmoja hajakomaa, lakini najua mtatoza bei ile ile."

Nyumba ilikuwa ya kale, ya kuta nene, iliyopakwa chokaa upya na kuitwa Kituo cha Kumbukumbu za Mkulima. Mkulima alikuwa na kila kitu chake humo, isipokuwa yeye mwenyewe. Jembe lake lilitundikwa ukutani kama picha ya mtakatifu. Kinu chake kilizungushiwa kamba, mtu asije akatwanga. Kadi za ushirika, barua za vijana waliokwenda kukata mkonge, picha za kina mama wakipepeta karanga, vyote vilikaa chini ya vioo, na kila kimoja kilikuwa na maelezo yaliyoandikwa na mtu ambaye kiganja chake hakijawahi kuota sugu.

Miaka miwili nyuma gari la kituo lilizunguka vijijini kutafuta karatasi za zamani. Kule Igalula, wenye akili walisema hawana. Justus aliwachinjia wageni kuku, kisha akawatolea daftari la Zablon, baba wa baba yake, mzee wa kanisa la Moravian aliyeandika kwa miaka thelathini nani alilima wapi, nani alizaliwa, na ng'ombe wa nani waliingia mtama wa nani. Wageni wakamwambia jina lake litawekwa ukutani. Hapo hapo akatia sahihi fomu ya kurasa mbili, akiwa amesoma nusu ya ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili ulisema daftari limetolewa moja kwa moja na halitarudi. Leo, alipoingia, alitafuta kwanza jina lake ukutani, halafu ndipo akakumbuka kutafuta daftari. Jina halikuwepo. Josepha aliyaona hayo yote na kuyahifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Walihitaji ukurasa mmoja tu. Jirani yao Shigela alikuwa amelidai jaruba lao la mbugani, ekari tatu za mpunga zilizowalisha tangu Josepha aolewe. Alisema baba yake, marehemu Lugendo, alimwazima Zablon eneo hilo, na sasa anataka lirudi. Mathias, mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji, aliujua ukweli kama anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake. Lakini Shigela alikuwa na trekta, na Mathias alikuwa na shamba lisilolimwa, hivyo Mathias akagundua ghafla uzuri wa maandishi.

"Maneno ya mdomo nimeyachoka," aliwaambia mbele ya watu. "Jumatatu leteni karatasi yenye mhuri. Ikikosekana, naandika eneo ni la Shigela, na mwenye pumzi aende wilayani."

Sasa ilikuwa Ijumaa.

Ukurasa wenyewe Justus aliujua neno kwa neno. Enzi hizo watu walilima kwa zamu. Ngoma inapigwa, wanaingia shambani kwa mwenzao kwa mstari mmoja, jua likifika utosini mwenye shamba anawalisha, kisha wanarudi kwenye majembe hadi jioni. Mwaka wa 1958 wanaume saba walikula mbuzi wa Zablon pale mbugani, wakanawa mikono, wakapotea. Zablon alikuwa amesamehe wezi na wazinzi, lakini hao hakuwasamehe. Aliandika majina yao yote kwa Kinyamwezi, na mbele ya kila jina akachora kitone kimoja kwa kila bakuli la mchuzi alilomwona mtu huyo akiliinua. Wa nne alikuwa Lugendo, vitone vitano. Na hakuna mtu duniani anayelishwa mbuzi ili alime shamba lake mwenyewe. Ukurasa huo ulisomwa nyumbani kwao kila Krismasi, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

*

Walilikuta daftari katika sanduku la kioo katikati ya chumba kikubwa, limefunuliwa ukurasa ule ule. Justus alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasoma kibao.

*Daftari la mganga wa mvua. Zablon wa Igalula, mganga mashuhuri, anaorodhesha mizimu saba ya mvua. Vitone vinaonyesha nguvu ya kila mzimu.*

Josepha alisoma mara mbili. Alianza kucheka taratibu, kisha kwa sauti, mpaka mlinzi akasogea.

"Lugendo mzimu wa mvua," alisema akijifuta macho kwa khanga. "Nguvu tano."

"Usicheke." Justus alikuwa amekunja ngumi. "Babu alikuwa mzee wa kanisa. Alichoma hirizi za watu kwa mkono wake."

"Na leo wamemvisha mwenyewe."

Mkuu wa kituo alitokea akitembea kama mtu anayewahi lakini anavihurumia viatu vyake. Jina lake Octavian. Alikuwa kijana wa kuletwa kutoka Dar es Salaam, na juu ya shati alivaa fulana nyeupe yenye vitone vya Zablon kifuani. Watumishi wote walikuwa na fulana hizo. Siku hiyo kulikuwa na uzinduzi rasmi wa kituo.

"Shikamooni wazee wangu. Karibuni. Naomba tu msiguse kioo, tumekifuta sasa hivi."

"Marahaba," alisema Justus. "Hilo daftari ni la babu yangu. Nataka nakala ya ukurasa huo, yenye mhuri. Tuna baraza Jumatatu."

"Wewe ndiye mjukuu? Mzee wangu, tumekutafuta sana."

"Mlinitafuta wapi? Mlikula kuku kwangu."

Octavian alicheka kicheko cha ofisini. "Nakala zina utaratibu, mzee. Unaandika barua, barua inakwenda kwenye kamati, kamati inakaa kila baada ya miezi mitatu."

"Imekaa lini?" aliuliza Josepha.

"Wiki iliyopita, mama."

"Nani aliwasomea Kinyamwezi chenyewe?"

"Tulikuwa na mtaalamu."

"Mnyamwezi?"

"Mtaalamu wa maandishi ya kale," alisema Octavian, na sauti yake ikapungua kidogo. "Hata hivyo liko wazi. Neno *mbula* lipo pale chini. Mbula ni mvua."

"Ndiyo. Anasema mvua ilinyesha wakati wameshakimbia."

"Nani walikimbia?"

"Mizimu yako, mwanangu. Walikula mbuzi wakakimbia bila kulima. Hivyo vitone ni mabakuli ya mchuzi."

Octavian akatazama kioo, akatazama kibao, halafu akatazama kifua chake mwenyewe. Alikuwa na shahada mbili, na hakuna hata moja iliyomfundisha afanye nini sasa. Mgeni rasmi angefika saa nane pamoja na wafadhili. Ukurasa ule ulikuwa kwenye kadi za mwaliko, kwenye mabango mawili ya barabarani, na kwenye fulana mia moja na hamsini.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umemwambia mtu mwingine?"

"Bado." Josepha aliweka pochi yake juu ya kioo kilichofutwa. "Kama nakala ni ya kamati, andika barua, igonge mhuri, nasi hatujaona kitu."

*

Kama Octavian angekubali hapo, hadithi ingeishia hapo. Lakini watu wa aina yake wakishtuka huwa hawakai chini muda mrefu. Wanainuka na wazo.

"Barua nitatoa," alisema. "Ila kukaa kimya hakunisaidii. Mgeni rasmi akisikia mjukuu yupo atataka kumsikia. Mzee azungumze. Athibitishe tu, dakika moja."

"Nithibitishe nini?" aliuliza Justus.

"Kilichoandikwa."

"Kwamba babu yangu alikuwa mganga?"

"Mganga mashuhuri," alisema Octavian, kama mtu anayeongeza bei.

Justus alitoka nje. Josepha alimkuta amesimama karibu na bango lenye vitone, uso umemvimba. Alisema hawezi kumwuza babu yake mbele ya mji mzima. Alisema jina la Zablon ndilo peke yake alilorithi bila deni. Alisema mengi, na mkewe alimwacha amalize, kama mtu anavyosubiri treni ya mizigo ipite.

"Umemaliza?" aliuliza. "Una jina na una jaruba. Jina ulishawapa watu wa gari bure, tena ukawaongezea na kuku. Jaruba hujalitoa bado. Sasa chagua Jumatatu unataka kurudi nyumbani na nini, maana mimi siwezi kupika jina."

"Na kanisani?"

"Kanisani wanakula mchele wa wapi kwenye sherehe ya mavuno?"

Alirudi ndani bila kusubiri jibu. Octavian alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta, na huko nako kulikuwa na ugomvi. Barua rasmi haiwezi kupingana na kibao rasmi, alisema. Hawezi kuandika kwamba kituo kinahifadhi orodha ya walafi.

"Andika ya kwenye kibao," alisema Josepha. "Halafu andika kwamba hayo yalifanyika shambani kwake, mbugani, kuanzia mfereji hadi kichuguu cha mashariki. Na Lugendo wa Igalula alikuwepo, akala."

"Lakini tumeshasema Lugendo ni mzimu."

"Mizimu ya kwenu haili?"

Octavian aliandika. Aligonga mhuri mara mbili, kwa kuwa wa kwanza ulififia, akaikunja barua na kuitia mfukoni mwake. "Baada ya hotuba," alisema.

*

Mgeni rasmi alifika saa tisa na nusu akitegemea kupongezwa kwa kufika mapema. Alizungumza kuhusu thamani ya mkulima kwa dakika arobaini, na wakati wote huo wakulima pekee waliokuwepo walikuwa wamesimama, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya wafadhili na vya nyuma vilikuwa vya mikoba yao. Nje, mlangoni, kikundi cha ngoma kutoka Puge kilikuwa juani tangu asubuhi kikisubiri kuashiriwa.

Kisha Justus akaitwa. Octavian alimshika bega kama mali ya kituo.

"Ndugu," alisema mgeni rasmi kwenye kipaza sauti, "ni kweli babu yako aliita mvua?"

Justus alimwona Josepha amesimama kando ya ukuta, chini ya jembe lililotundikwa. Mkewe hakumwashiria kitu. Alimtazama tu.

"Aliita," alisema Justus.

Makofi.

"Na wewe je?"

Watu wakacheka.

"Basi tusomee hiyo sala, tupate baraka."

Hilo halikuwa katika ratiba. Octavian alifungua mdomo, akaufunga, akafungua sanduku. Kijana mwenye glavu nyeupe alilitoa daftari, na Justus akalichukua kwa mikono mitupu kabla hajazuiwa. Likakaa mikononi mwake kama zamani. Wageni wakainamisha vichwa. Na Justus, mwana wa kanisa, akawasomea kwa Kinyamwezi, kwa sauti ile ya Krismasi ya baba yake, neno kwa neno, jinsi wanaume saba wa Igalula walivyokuja na majembe makubwa na matumbo makubwa zaidi. Akasoma wa kwanza, aliyeficha mfupa kwenye kofia. Akasoma wa pili, aliyesema anakwenda kujisaidia na akasaidika hadi kesho yake. Alipofika kwa Lugendo, ambaye tumbo lake lilimaliza tuta kabla ya mkono wake kuanza, mpiga ngoma mmoja mzee wa Puge alishindwa kujizuia. Ili asicheke mbele ya wakubwa, alipiga ngoma. Wenzake nao wakapiga. Wanawake wa kikundi wakapiga vigelegele huku khanga zimeziba midomo, machozi yakiwatoka.

Mgeni rasmi alisimama, na wote wakasimama. Mfadhili mmoja alilia. Mgeni rasmi alisema hajapata kusikia jambo takatifu namna ile katika utumishi wake wote, na pengine hilo lilikuwa kweli.

Justus aliinama kupokea makofi. Aliinama tena. Josepha alihesabu mara nne, ambapo moja ingetosha.

*

Jumatatu, Mathias alisoma mhuri kwanza. Aliugeuza kwenye mwanga, akaukwaruza kwa ukucha. Kisha akaisoma barua kwa sauti, na alivyozidi kusoma alizidi kuonekana kama mtu anayetafuna mchanga.

"Hii ni takataka," alisema Shigela. "Baba yangu hakuwa mzimu."

"Inasema alikula," alisema Mathias kwa huzuni.

"Alikula wapi?"

"Shambani kwa Zablon. Kuanzia mfereji hadi kichuguu."

"Mwenyekiti, wewe mwenyewe unajua kwamba..."

"Mimi niliomba karatasi yenye mhuri," alisema Mathias. Aliiomba mbele ya watu thelathini, na wote thelathini walikuwa wamekuja kutazama atafanyaje. Aliandika jaruba ni la Justus, akalikumbuka shamba lake lisilolimwa, akafunga kitabu cha baraza kwa nguvu. Shigela aliomba nakala ya barua. Akapewa.

Jumapili iliyofuata, video ya Justus ilikuwa imeshapita simu zote kuanzia Tura hadi Nzega, imekatwa pale anaposema "Aliita" na pale vigelegele vinapoanza. Walioikata walikuwa na akili ya kuyaondoa maneno yenyewe. Mchungaji alimwita ofisini. Justus alieleza habari ya mbuzi na mabakuli. Mchungaji alisikiliza, akasema anaelewa, akamtenga na meza ya Bwana mpaka Pasaka.

"Anaelewa halafu ananitenga?" Justus alimwuliza mkewe.

"Anaelewa kwamba washirika wengine hawaelewi. Kula michembe yako ya viazi."

Mvua za kwanza zilichelewa. Novemba ilipita na mawingu ya kupitia tu. Mwanzoni mwa Desemba udongo wa mbugani ulikuwa umepasuka kiasi cha kumeza ukwato wa ndama, na watu waliopanda mahindi mapema walikuwa wakipanda mara ya pili. Vijana walipomwona Justus njiani walimwita Mzee wa Vitone. Baadaye waliacha kumtania. Walianza kumwamkia kwa magoti kidogo, na hapo ndipo alipoanza kukosa usingizi.

*

Walikuja siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, zaidi ya watu ishirini, Shigela mbele na kuku mweusi kwapani.

"Mwangaluka, jirani."

"Mwangaluka. Sina sherehe mimi."

"Hatujaja kwenye sherehe. Tumekuletea huyu."

Justus alisimama mlangoni, Josepha nyuma yake. Alieleza polepole, kama kwa watoto, kwamba babu yake hakuwa na mvua wala mizimu. Kwamba kile kilikuwa kisa cha watu waliokula wakakimbia. "Na wewe Shigela unajua. Kila mtu hapa amekisikia kwetu Krismasi."

"Mimi najua barua." Shigela aliitoa mfukoni na kuikunjua. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa limengoja miezi miwili. "Inasema Zablon mganga wa mvua mashuhuri. Ni kweli au si kweli? Kama si kweli, barua ni ya uongo. Kama barua ni ya uongo, jaruba limeandikwa kwa uongo. Mwenyekiti yupo hapa, tukae leo leo."

Mathias alikuwa nyuma ya wote, akitazama chini. Lakini kitabu cha baraza alikuja nacho.

"Na ikiwa ni kweli?" aliuliza Josepha.

"Ikiwa ni kweli, mama, watoto wanataka mvua."

Alisema hivyo kwa dhihaka, na Justus alijiandaa kusikia kicheko. Hakikuja. Alitazama nyuma ya Shigela. Aliwaona wanawake wa kwaya, khanga zimefungwa kiunoni. Alimwona mzee wa kanisa aliyeketi pembeni ya mchungaji siku ile ya kutengwa. Hakuna aliyekuwa akitabasamu. Walimtazama yeye, kisha kuku, kisha mbingu, na kulikuwa na kitu katika macho yao ambacho kesho, mvua isiponyesha, kingeweza kumwita yeye mchawi aliyeizuia.

Akageuka kwa mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, Josepha alimtazama yeye amwambie la kufanya.

Justus alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango. Alishuka ngazi mbili za udongo, akampokea kuku, akamshika miguu na kumpima uzito kama mtu aliyewapokea wengi kabla ya huyo.

"Mnataka mvua ya mawe," aliuliza, "au ya kawaida?"

Shigela alifungua mdomo acheke. Aligeuka atafute wa kucheka naye, akakuta nyuso zile. Akageuka tena taratibu, akavua kofia.

"Ya kawaida," alisema.